Kidole Changu, Jina la Konsolata

Wenzangu ambao mikono yetu imeshakunjamana, harufu ya wino wa mhuri mnaijua. Inakaribiana na mafuta ya taa, lakini ndani yake kuna kitu kama ngozi iliyoungua. Juzi juzi niliitwa ofisi ya kijiji hapa Nyarubungo kutia dole gumba kwenye karatasi ya shamba aliloniachia marehemu mume wangu. Kijana wa ofisi akafungua kibati chake, akanishika gumba, akaliviringisha kwenye wino, na ile harufu ikanipanda puani. Nikaanza kulia pale pale mbele za watu.

"Bibi, shamba ni lako," kijana akasema, naye kashtuka. "Hakuna wa kukunyang'anya."

"Najua, baba. Maliza kazi yako."

Nilipofika nyumbani nikanawa mikono kwa jivu, nikanawa tena kwa sabuni. Tangu siku hiyo nimekaa na jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, hata marehemu hakulijua. Nalisema kwenu wa rika langu kwa sababu vijana wataniuliza kwa nini hatukufanya hivi, kwa nini hatukufanya vile. Ninyi mnajua mambo yalivyokuwa.

Nilizaliwa Ngara, kilimani, juu ya njia iendayo Rusumo. Masika mto ukijaa tulisikia maporomoko tukiwa uani kwetu, kama mtu anayesaga mtama asiyechoka. Baba yangu aliitwa Balthazari, mama yangu Veneranda. Tulikuwa na migomba, kahawa kidogo, na mbuzi sita ambao majina yao pia nayakumbuka, lakini nisiwachoshe. Wakati meno yangu ya mbele yameng'oka na mengine hayajaota, watu walianza kuvuka mto, wakikimbia nchi yao. Walikuja na mikeka kichwani na ng'ombe waliobaki mbavu. Mzee mmoja, Gaspari, alikuja amekumbatia kichwa cha cherehani, meza yake kaiacha ng'ambo. Serikali ikawaweka bondeni, mwendo wa saa moja kutoka kwetu, mahali tulipokuwa tukikata nyasi za kuezekea. Tukapaita kambini. Lugha yao na Kihangaza chetu ni ndugu. Tukisema pole pole tunaelewana, ila wao walicheka tunavyosema na sisi tukawacheka wao.

Kandida alikuwa mmoja wao. Alikuwa na watoto watatu: Konsolata, aliyekuwa mkubwa, na wadogo zake wawili wa kiume, Fideli na Tadeo. Mume wake hakuvuka, na hakuna aliyemuuliza habari zake. Alikuja kumlimia mama yangu kwa ujira wa ndizi, na Konsolata akawa anakuja naye. Tulikuwa sawa kwa umri. Yeye alinizidi kimo kidogo, na alijua kupiga mluzi, jambo ambalo mama alisema si la msichana. Siku ya kwanza alinikuta nasuka kikapu, akakiinua, akakigeuza.

"Hiki ni kikapu au kiota cha kuku?"

"Kwenu kuku wanataga wapi?" nikamjibu. "Kwenye sufuria?"

"Kwetu kuku wana vitanda," akasema, bila kucheka hata kidogo. Nikamwamini siku mbili nzima.

Sasa nieleze kosa letu lilikotokea. Baba yangu, kabla hajabatizwa, alinywana na mtu wa ng'ambo aliyeitwa Stefano. Mnaijua desturi ile. Walichanjana tumboni, damu ikadondoshwa kwenye pombe ya ndizi, kila mmoja akanywa ya mwenziwe. Mapadri waliikataza, lakini baba hakuacha kusema, hasa akiwa ameonja kidogo: "Mimi na Stefano ni mtu mmoja. Akiitwa yeye, mimi naitika." Maneno ya watu wazima hayo. Mtoto akiyasikia anayachukua kama yalivyo. Mimi niliamini kabisa kwamba ndani ya ngozi ya baba yangu kulikuwa na Stefano, na kwamba mkono wa mmoja ungeweza kufanya kazi ya mkono wa mwingine.

Lilikuwa jambo la wanaume. Sisi tuliliiba. Nyuma ya shimo la kuivishia ndizi, Konsolata alichuma mwiba, akajichoma gumba bila hata kufumba macho. Mimi nililia kabla mwiba haujanigusa. Tukadondoshea damu kwenye kibuyu cha maji ya ndizi mbivu, yale yaliyokamuliwa kabla hayajawa pombe, tukanywa. Yalikuwa matamu, na kwa mbali yana ladha ya chuma.

"Sasa ukila wewe, mimi nashiba," Konsolata akasema.

"Na nikichapwa?"

"Ah, ukichapwa utachapwa peke yako."

Haukupita muda mrefu ikatangazwa kambini kwamba watu wote wataandikwa. Karani alichimbia fimbo ardhini. Mtoto aliyeipita fimbo alipewa kadi yake mwenyewe, na mfupi kuliko fimbo aliandikwa kwenye kadi ya mama. Kila mwenye kadi aliweka dole gumba. Na karani alisema wazi: asiyeonekana haandikwi, na asiyeandikwa hali.

Siku yao ilipofika, Konsolata alikuwa na homa, anatetemeka chini ya gunia, hawezi kusimama. Alfajiri Kandida akapanda kilima hadi kwetu. Baba na mama walikuwa wameshakwenda misheni. Alinikuta uani nachambua maharage. Akachuchumaa mbele yangu, akanishika magoti kama vile mimi ndiye mtu mzima.

"Mwanangu, nina shida. Njoo usimame mahali pa mwenzako leo. Dakika chache tu. Usimwambie mama yako."

Wallahi, wenzangu, sikuona uongo wowote ndani yake. Nilijiona nimeheshimiwa. Kumbe kweli tumekuwa mmoja, nikawaza, hata mama yake ameliona! Nikaacha maharage kwenye ungo, tukashuka mbio.

Karani aliitwa Eliasi, mtu wa kutoka mbali, mwenye Kiswahili cha haraka. Aliyekuwa akimfasiria ni Andrea, mwalimu wa dini wa huko huko kambini. Niliposimama kwenye fimbo, nikawa nimepungua kidogo. Kandida akaninong'oneza, "Simama kwa vidole." Nikainuka.

"Lo! Huyu anakua mbele ya macho yangu," Eliasi akasema, na foleni nzima ikacheka. "Jina?"

"Konsolata," Kandida akajibu.

"Namuuliza yeye. Au ulimi haujaota?"

"Konsolata," nikasema.

Akanishika mkono. Nikajikaza, akaupiga kofi dogo. "Legeza. Kidole si chako sasa hivi, ni changu." Akakiviringisha kwenye wino, akakiviringisha kwenye kadi kubwa ya ofisi, kisha kwenye kadi ndogo. Nikaona mistari yangu imekaa pale, inaanzia katikati na kuzunguka, kama kitako cha kikapu kinavyoanza. Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimebeba kitu kama kile.

Nilikimbia hadi kwenye kibanda chao. "Nimekuwekea kidole chako," nikamwambia Konsolata. Alitoa mkono chini ya gunia, moto kama chungu, akalibana gumba lake kwenye langu lililokuwa bado na wino, kisha tukagandamiza yote mawili kwenye jani kavu la mgomba. Yakatoka mabaka mawili meusi. Tukayatazama sana.

"Unaona?" akasema. "Kimoja."

Kandida alipoingia akaliona lile jani, akalichukua, akalisaga mkononi likawa unga.

Kadi ilifanya kazi. Kwa muda mrefu hakuna aliyetazama kidole cha mtu. Siku ya mgao waliitoboa tundu, ukapewa unga wa mahindi na maharage, basi. Konsolata akapona, akarudi kwetu kunicheka vikapu. Mimi nikasahau kabisa.

Kisha habari ikaja kwamba watu watahamishwa, mbali na mpaka, kwenye makazi mapya ndani kabisa ya nchi ambako kila familia itapewa shamba. Malori yangekuja kuwachukua kwa zamu. Na kwa sababu wengine walikuwa wameuza kadi zao, alikuja bwana mmoja mgeni, mwenye suruali fupi na soksi ndefu, ambaye jina lake ndilo pekee katika habari hii ambalo sikupata kulijua. Alikuwa na kioo cha mviringo kinachokuza vitu. Kila mwenye kadi aliweka kidole upya, naye akainama na kioo chake, akalinganisha.

Siku ya zamu yao nilikwenda na mama kuwaaga. Mama alibeba mkungu wa ndizi za njiani. Yule bwana alikuwa kwenye meza chini ya turubai, lori nyuma yake linanguruma. Kandida alipita. Fideli na Tadeo walikuwa kwenye kadi yake, wakapandishwa naye. Ndani alikuwamo tayari mzee Gaspari na kile kichwa cha cherehani, na mkewe Feresita, na Yohana fundi viatu, na dada wawili, Perpetua na Domitila. Kisha ikaja zamu ya Konsolata. Akaweka kidole. Yule bwana akainama. Akanyanyuka, akafuta kioo kwa leso, akainama tena.

"Huyu siye," akasema.

Andrea akafasiri. Konsolata akacheka, alifikiri ni mzaha.

"Nani aliweka kidole kwenye kadi hii?"

"Mimi," Konsolata akasema.

"Si wewe. Mistari ya kila mtu ni ya peke yake. Hata pacha hawafanani. Nani aliweka?"

"Ni mimi."

Hakuwa akidanganya. Nalisema hili mbele ya Mungu. Aliamini alichokuwa akisema kama alivyoamini kwamba jua lipo.

Bwana akageukia watu. Akasema kwa sauti, na Andrea akayarudia kwa lugha yetu: "Mwenye kidole hiki ndiye Konsolata aliyeandikwa. Yupo hapa? Ajitokeze, apande gari aende na mama yake."

Apande gari. Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kanga ya mama, hatua kumi hazifiki kutoka kwenye meza. Nikalificha gumba ndani ya ngumi, na ngumi nikaificha kwapani. Niliona wazi kabisa kwamba nikiitika nitanyanyuliwa, nitawekwa kati ya Feresita na Domitila, na mama yangu atabaki chini na mkungu wake. Konsolata akaanza kutafuta kwenye kundi la watu, akaniona. Hakuninyooshea mkono. Alinitazama tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu ili waende. Mimi nikatazama ardhi.

Juu ya lori Kandida alikuwa amesimama, Tadeo mgongoni. Akaanza kushuka. Askari akamwambia akishuka kadi yake imekufa, na hao wadogo wawili hawataandikwa popote tena. Akabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje. Angesema ukweli pia angefutwa kwa udanganyifu, na alilijua hilo. Yule bwana akakata jina la Konsolata kwa kalamu nyekundu. "Wakichunguza wakaona ni mtoto wa huyu mama, atafuata na gari lijalo," akasema, na akamwita mwingine.

"Veneranda!" Kandida akapiga kelele lori lilipoanza kwenda. "Nitunzie! Nitunzie mpaka gari lijalo!"

Mama hakuelewa lililotokea mezani. Alielewa hilo moja tu, naye akamchukua Konsolata nyumbani.

Gari lililofuata lilikuja, na lingine baada yake, na kila mara jina lilikuwa na mstari mwekundu. Konsolata akawa anashinda njiani, anasikiliza injini. Mchana mmoja mama alimkuta kwenye jiwe la kusagia, mtama uliosagwa umegeuka rangi. Alikuwa anasugua gumba lake kwenye jiwe.

"Mtoto! Unafanya nini?"

"Naifuta mistari. Ikiota upya itakuwa yake," akasema, akaninyooshea kidevu.

Mama alifikiri ni homa imempanda kichwani. Akamfunga kidole kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Kila asubuhi Konsolata alikuwa akinishika mkono, akalifungua lile jani, akatazama chake, akatazama changu. Gamba likaanguka. Mistari ikawa imerudi, ile ile, mahali pale pale. Akaitazama mpaka uji ukapoa. Tangu asubuhi hiyo hakuniita tena jina, wala kunicheka kikapu, na alikula kwenye sahani yake, peke yake, mgongo ameuegemeza ukutani.

Kambi ilipokaribia kufungwa ikasemwa kwamba asiye na kadi atarudishwa ng'ambo ya mto. Mama akaingiwa na hofu. Kulikuwa na mjane, Yudita, mama mpole ambaye watoto wake wote aliwazika njiani. Wakati huo waliobaki walikuwa wakiandikwa upya. Mama akamwomba Yudita amwandikishe Konsolata kama binti yake. Kwa jina lake asingepita, lilikuwa limekatwa. Wakampa jina Skolastika. Safari hii kidole kilikuwa chake mwenyewe. Mama aliamini malori yote yanakwenda mahali pamoja. Nani angemwambia vingine? Kumbe la Yudita lilielekea mkoa mwingine kabisa.

Siku ya kuondoka nilimpelekea kikapu changu kimoja, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusuka. Akakipokea, akampa Yudita atilie viazi.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeshaolewa huku Biharamulo na nina watoto, watu walivuka tena, safari hiyo wengi mno, Ngara nzima ikawa mahema. Nilikuwa nikienda huko kuuza ndizi, na kila mama mtu mzima niliyekutana naye nilimuuliza: Kandida, mama yao Fideli na Tadeo, unamjua? Yudita? Skolastika wa Yudita? Nilipata akina Skolastika watatu. Nikawaomba wapige mluzi. Wawili walinicheka, mmoja akaniita mwendawazimu.

Lakini kuna barua, nayo nimekuwa nikiikwepa tangu mwanzo. Ilikuja kupitia misheni, msimu mmoja hivi baada ya Yudita kuondoka. Baba alijua kusoma. Akaisoma kwa sauti, uani, mama ameshika mwiko. Kandida alikuwa amemtafuta mtu wa kumwandikia. Alisema wamefika salama, ila Tadeo alifariki. Alisema kila gari likija anasimama njiani. Alisema wakubwa wa huko wamekubali kumtafuta Konsolata, ila lazima kwanza aliyeweka kidole aende kwa mkuu wa wilaya akiri, ndipo lile jina lifunguliwe. "Mwambieni binti yenu aseme," baba akasoma. "Simlaumu. Nilimwomba mimi."

Mwiko wa mama ukabaki hewani.

"Uliweka kidole?" baba akaniuliza.

"Sikuweka."

Alijua. Baba yangu alinijua. Nikaona mabega yake yanashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Umesikia, Veneranda? Hakuweka."

"Basi mwandikie la Skolastika," mama akasema. "Hilo jina tu, baba. Skolastika wa Yudita. Atamtafuta mwenyewe."

"Nikiandika hilo jina, nimekuandika wewe. Unataka wakufunge kwa kudanganya serikali? Na huyu je, na kidole chake?"

Mama akarudi jikoni na mwiko wake. Baba akaketi, akaandika kwa kalamu ya risasi, akanisomea ili nijue la kusema nikiulizwa: kwamba mtoto huyo aliondoka na hatujui alikokwenda, na kwamba binti yetu hajapata kuweka kidole mahali popote. Akaifunga, akanipa niipeleke misheni.

Ilikuwa asubuhi nzuri, umande bado. Njia nzima niliishika kwa mikono miwili ili isipate jasho. Padri akaipokea dirishani, akaisoma anwani, akasema nimefanya vizuri kuja mapema kwa kuwa gari la barua lilikuwa halijaondoka.